Skafu ya Mgeni Rasmi

Jamani, mwenzenu nimeshaaibika mara nyingi, nimewahi kuanguka na sinia la pilau mbele ya maharusi, nimewahi kumwita mwalimu wa fizikia "mama" na alikuwa mwanaume mwenye ndevu, lakini hayo yote yaweke pembeni, kuna aibu moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu chumbani nafunika uso kwa mto, na ndiyo hiyo ninayotaka kuwasimulia, ila nawaomba mcheke mapema mmalize, maana huko mwishoni haichekeshi sana.

Mimi naitwa Rukia. Kidato cha tano na cha sita nilisoma shule moja ya bweni hapa Dodoma, upande wa Miyuji (jina la shule niacheni nalo, walimu wangu wapo na wote wana simu janja), na nilikuwa mkuu wa kikosi cha skauti. Msishtuke na cheo. Kikosi chenyewe tulikuwa watu saba, na mmoja wetu alijiunga kwa sababu alisikia skauti wanaruhusiwa kutoka nje ya geti.

Kila Jumatano mchana pale shuleni ilikuwa ya klabu. Kulikuwa na klabu ya mdahalo, ya ngoma, ya habari, ya mazingira, ya kompyuta, na sisi wenye kaptula na soksi ndefu ambao kila mtu alikuwa anatuuliza tunafanya nini hasa. Tulikuwa tunafunga kamba, jamani. Tulikuwa tunajua kufunga kamba na kutembea kwa hatua. Basi Mkuu wa Shule akatangaza kwenye paredi kwamba itafanyika Siku ya Klabu, wazazi wataalikwa, mgeni rasmi atakuja, na baada ya hapo klabu ambayo haina faida inayoonekana itafutwa na watu wake Jumatano watakwenda hisabati ya ziada. Hakuitaja klabu yoyote, lakini aliposema "faida inayoonekana" macho yake yalikuwa kwenye soksi zetu.

Mnaweza kusema si klabu tu, ife. Lakini mimi kwetu mjini ni mtoto wa mwisho, kaka zangu wote wako dukani na baba, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kusema "Rukia, ongoza wewe." Nilikuwa mtu wa kutumwa chenji. Skauti ndiko nilikosimama mbele ya watu nikasema "mguu sawa!" na miguu ikasikika kweli, paa! Nilikuwa naipenda ile sauti, sitawaficha. Ile klabu ikifa narudi kuwa mtu wa chenji.

Bahati ikatuangukia. Mgeni rasmi aliyepatikana alikuwa mstaafu mmoja wa serikalini ambaye zamani alisoma palepale, na mlezi wetu, Mwalimu Ndahani, akatuletea habari huku anasugua viganja: "Alikuwa skauti huyu! Mkimpokea vizuri, mbele ya Mkuu atasema neno, na akisema neno nani atawafuta?"

Sasa kwa msiojua, mgeni rasmi kwetu hapokelewi hivihivi. Skauti wanajipanga mistari miwili, mmoja anatoka mbele, anapiga saluti, anamvalisha mgeni skafu shingoni, anaipandisha ile pete yake mpaka kifuani, anampa mkono wa kushoto (ndiyo, kushoto, skauti ndivyo wanavyosalimiana, ingawa bibi yangu ukimpa mtu mzima mkono wa kushoto anakuuliza umelelewa na nani), halafu saluti tena na kugeuka. Na katika yote hayo hamna kuongea. Hapo Mwalimu Ndahani alikuwa mkali: ukiwa mguu sawa huulizi, hujibu, hucheki, hata inzi akikutua puani ni mgeni wako. Skafu ya mgeni tulikuwa nayo moja tu, mpya, ya kijani yenye pindo la njano, nililala nayo chini ya mto isipate mikunjo.

Mwalimu akatupanga kwenye ngazi za bwalo. "Msimguse mtu yeyote mpaka niwape ishara kwa kichwa," akasema. "Mimi namjua kwa sura, nyinyi hamumjui." Maneno mepesi kabisa, mtoto wa chekechea angeyafuata.

Siku yenyewe ikafika, upepo ule wa Dodoma wa asubuhi unachapa maturubai, vumbi kila mahali, wazazi wanaanza kuingia mmojammoja, na Mwalimu Ndahani akaenda kutafuta waya wa umeme kwa ajili ya spika. Hapo ndipo akaja rafiki yangu Imani wa klabu ya habari na kamera yake, akatutazama pale kwenye ngazi, akakunja uso.

"Rukia, hapa picha itakuwa mbaya. Nyuma yenu kuna matangi ya maji na chupi za bweni la pili zimeanikwa."

Nikageuka. Kweli, chupi zilikuwepo, tena za rangi. Nikafikiria ile picha ikibandikwa ubaoni, mgeni rasmi, skafu, na chupi. Getini kulikuwa na maua mekundu yamepanda ukuta mzima. Nikasema, kwa sauti ya mkuu wa kikosi, "Kikosi, tunahamia getini." Ndiyo hiyo tu. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa mita chache, kwa ajili ya chupi ambazo hata hazikuwa zangu.

Tumesimama getini si muda mrefu, likaja gari jeupe la juu, lile la aina ambayo hapa Dodoma likipita watu wanajua ni la ofisi fulani. Likasimama. Dereva akashuka, akazunguka haraka, akamfungulia mlango aliyekaa nyuma. Jamani, hapa mjini mtu wa kufunguliwa mlango wa gari unamjua kabla hujamwona! Akashuka mzee mmoja mrefu, suti ya Kaunda rangi ya kahawia, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, viatu vinang'aa, na mkono wa kulia ameshika kifurushi kilichofungwa kwa gazeti na kamba. (Baadaye nilikuja kujua kwamba mlango ule ulikuwa haufunguki kwa ndani, umeharibika siku nyingi, na dereva alikuwa shemeji yake aliyempa lifti. Lakini hayo ni ya baadaye.)

Nikatoka mstarini. Mikono ilikuwa inanitetemeka mpaka skafu yenyewe inatikisika. Nikapiga saluti. Mzee akasimama, akatutazama sote, akatabasamu, akasema, "Mbukwa, mwanangu." Mimi nikawaza, ona, mkubwa wa kweli, amestaafu na bado anawasalimia watu kwa Kigogo. Nikamkaribia, yeye akainama kidogo kwa sababu ni mrefu, nikamvalisha, nikapandisha pete, nikamnyooshea mkono wa kushoto.

Akautazama ule mkono. Akatazama kifurushi kwenye mkono wake wa kulia. "Samahani, mwanangu, huu mkono mwingine una..." Sikumsubiri amalize, akanipa wake wa kushoto, nikaushika, na moyo wangu ukasema ndiye! Nani mwingine anasalimia kwa kushoto kama si skauti wa zamani? Nikapiga saluti ya pili ambayo nadhani mpaka leo ndiyo saluti bora niliyowahi kupiga.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi nilikuwa naulizia..."

Mguu sawa. Sikujibu. Nilitazama mbele, nikageuka, nikapiga kelele, "Kikosi, kwa hatua, mbele tembea!" na mzee wa watu akajikuta katikati ya mistari miwili ya skauti anapelekwa bwaloni, anakwenda kulia tunakwenda naye, anataka kusimama na walio nyuma wanamkanyaga visigino.

Kuanzia hapo mambo yakajiendesha yenyewe. Kule bwaloni walipoona skafu ya kijani na kikosi, wazazi wote wakasimama. Makamu wa Mkuu, ambaye na yeye hakuwa anamjua mgeni, akaja mbio anafunga kifungo cha koti, akamshika mzee mkono kwa mikono miwili, "Karibu sana Mheshimiwa, karibu sana." Mkuu mwenyewe alikuwa ofisini anaongea na simu. Gudlaki wa klabu ya mdahalo, ambaye ndiye aliyekuwa mshereheshaji (na huyo ukimpa kipaza sauti ni kama umempa mtoto kiberiti), akapaza sauti, "Mabibi na mabwana, mgeni rasmi ameingia, na ninaona hakuja mikono mitupu, amekuja na zawadi yetu!" Makofi. Makamu akakichukua kile kifurushi kwa heshima zote, akakiweka katikati ya meza kuu, juu ya kitambaa cheupe, kando ya maua.

Ilikuwa kambale. Kambale wa kukausha, wa Bahi. Upepo ulipogeuka kidogo meza kuu nzima ikajua.

Klabu ya ngoma ikaanza. Wasichana wamefunga kaniki, ngoma za muheme wamezibana mapajani, wanapiga kwa viganja, na ngoma ile ikianza hata Mhindi wa duka la vifaa aliyekuwa amemleta binti yake alikuwa anatikisa bega. Halafu mdundo ukayumba. Nikageuka nione nani ameharibu. Alikuwa Sechelela, tunamwita Seche, msichana wa kidato chetu, mkimya, mpigaji hodari kuliko wote. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani na macho yake yako meza kuu. Nikamkazia jicho: piga! Akapiga, lakini alikuwa anapiga kama mtu anayeota.

Mzee pale juu alikaa kwenye kiti chenye mto. Kila mara alikuwa anamwegemea Makamu anataka kumwambia kitu, na Makamu anaitikia kwa kichwa, anacheka, anampigia makofi mwimbaji. Mara moja akanitafuta mimi kwa macho, akanyanyua kidole kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nilimpigia saluti.

Basi nimesimama pale chini nikiwa najihesabia Jumatano zangu zote zilizookoka, Mwalimu Ndahani akatokea nyuma ya turubai na waya wake begani. Akaitazama meza kuu. Akanitazama mimi. Waya ukaanguka.

"Rukia. Yule ni nani?"

"Mgeni rasmi, mwalimu."

"Mgeni rasmi yuko ofisini kwa Mkuu. Amekuja kwa mlango wa nyuma, na kagari kake kadogo, anaendesha mwenyewe. Yule ni nani?"

Na hapohapo Mkuu akatoka ofisini, ameongozana na bwana mfupi mwenye shati la kitenge na miwani, wanacheka, wanakuja zao bwaloni, mpaka Mkuu alipoiona ile skafu kwenye shingo ya mtu mwingine. Kicheko kikamkauka. Akamwacha mgeni kwa Mwalimu Ndahani, akanivuta nyuma ya turubai.

"Yule ni mzazi, anatoka Bahi, baba yake Sechelela," akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo ni mbaya kuliko ya juu. "Mna skafu nyingine?"

"Hatuna, mwalimu."

"Basi nenda kamvue umvalishe mwenye nayo. Sasa hivi. Na Jumatano zenu ziko mikononi mwako."

Sasa niwaeleze nilichokiona katika ule mwendo wa kutoka kwenye turubai mpaka meza kuu, maana ndiyo sehemu ninayoifikiria zaidi. Nilimwona Seche, ngoma yake imenyamaza mapajani. Nilimwona baba yake, na ile suti iliyopigwa pasi, na nikawaza: huyu mzee ameamka alfajiri, amevaa nguo yake ya kanisani, amefika hapa amepigiwa saluti na ngoma, leo ndiyo siku yake kubwa, na mimi nakwenda kumvua mbele ya mtoto wake na mbele ya shule nzima. Na nilimwona ameweka mikono shingoni, anaishikashika ile pete, na nikawaza, maskini, anairekebisha, anaipenda. Nikasema moyoni kwamba sitaweza. Hata kama klabu itakufa, mimi sitamvua mtu heshima yake. Nilijiona mtu mwema sana, naomba mkumbuke hilo.

Nikafika. Pete alikuwa ameshaishusha mpaka karibu na ncha. Akainama upande wangu. "Mwanangu, njoo karibu, ninataka..."

"Ibaki, baba!" nikasema, na nikamshika mikono.

Nilichosahau ni kwamba Gudlaki alikuwa amekaa pembeni yake, na kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi vizuri sana kwa sababu ule waya ulikuwa umeshaokotwa na kuunganishwa. "IBAKI, BABA!" ikatoka kwenye spika mbili, ikaenda mpaka jikoni, mpaka bweni la pili kwenye zile chupi. Watu walionyamaza wakanyamaza zaidi. Ambao hawakujua kuna tatizo wakajua. Nami nikiwa nimeshaingia mtoni nikaona niogelee tu, nikapandisha pete yake mpaka juu kabisa, nikaivuta skafu yangu mwenyewe ya kikosi, ikakwama kwenye kofia, kofia ikaanguka kwenye kifurushi cha kambale, nikaiacha hapo, nikamgeukia yule bwana wa miwani, ambaye Mwalimu Ndahani alikuwa ameshamfikisha mezani, nikamvalisha skafu yangu, ambayo ilikuwa na doa la maharage ya Jumanne na jasho la miaka miwili. Aliishika kwa vidole viwili, kwa adabu. Nikampa mkono wa kushoto. Akanipa wa kulia. Inaelekea alishasahau.

Kicheko kilianzia kidato cha pili. Kikasambaa taratibu, kikafika kwa wazazi, na katikati ya kicheko hicho baba yake Seche akanyanyuka kutoka kwenye kiti chenye mto, akachukua kifurushi chake, akanirudishia kofia yangu, akatembea peke yake mpaka kwenye viti vya wazazi kule nyuma, njia nzima, na skafu ya kijani shingoni. Watu walikuwa wanampisha huku wamefunika midomo.

Mgeni alihutubia. Alizungumzia kompyuta. Neno skauti halikutoka mdomoni mwake hata kwa bahati mbaya, na Jumatatu yake kwenye paredi Mkuu akatangaza kilichotangazwa. Wenzangu wa kikosi hawakunigombeza, wangenigombeza ingekuwa afadhali. Jumatano mchana tukawa tunakaa dawati la nyuma tunatafuta thamani ya x, na mimi nilikuwa najifariji kwa jambo moja tu: angalau sikumvua yule mzee. Nilijiambia hivyo kila siku. Klabu imekufa, lakini kuna mzee Bahi ametunziwa heshima yake.

Seche hakuwa ananisemesha. Nilidhani ni aibu, nikampa nafasi. Mpaka siku moja tukakutana bombani tunaosha sahani, sisi wawili tu, na mimi nikaona ndiyo wakati wa kupokea shukrani zangu.

"Seche," nikasema, "baba hajambo? Skafu bado anayo?"

Akaweka sahani chini. "Rukia, wewe una nini na baba yangu?"

"Mimi? Mimi si nilikataa kumvua? Mkuu alitaka nimvue mbele yako!"

"Baba alikuwa anaivua mwenyewe." Alisema polepole, kama anamwelekeza mtu njia. "Alijua. Tangu Gudlaki aliposema mgeni rasmi, alijua amekosewa. Alitaka kukuambia palepale, akakumbuka ulivyokuwa unatetemeka mikono getini, akasema huyu mtoto nikimkataa mbele ya wenzake ataaibika. Akaona akae, asubiri apate nafasi ya kukunong'oneza, muibadilishe kimyakimya. Alikuwa ameshaifungua kabisa. Wewe ndiye ulimfunga tena ukapiga kelele."

Maji ya bomba yalikuwa yanamwagika, na hakuna aliyeyafunga.

"Shule zote alizoitwa kwa ajili ya kaka zangu alikwenda kusomewa makosa," Seche akaendelea. "Hii ndiyo mara ya kwanza amekuja mwenyewe, kunitazama nikipiga ngoma. Hakuniona vizuri. Kila nikimtazama alikuwa anakutafuta wewe."

Niliosha sahani yangu kwa machozi, nikasema samahani, akasema usiniambie mimi. Basi likizo ilipofika nikamwomba twende wote Bahi. Akasema haya, twende.

Tulishukia barabarani, bodaboda ikatupeleka mpaka kwao, mpunga ukiwa umeshavunwa na ng'ombe wamo kwenye mabua. Mzee alikuwa ua wa nyuma anatengeneza jembe, kavaa fulana iliyotoboka, na aliponiona alisimama wima, akanipigia saluti. Vidole vyote vitano badala ya vitatu vya skauti, makosa matupu. Nikacheka na kulia kwa pamoja, shikamoo yenyewe ikatoka vipandevipande.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Nilikuwa nimetunga hotuba nzima njiani. Nikaanza, "Baba, mimi siku ile nilidhani..." na yeye akaniacha niseme yote, tangu matangi mpaka kofia, hakunikatiza hata mara moja, na kadiri alivyokuwa kimya ndivyo nilivyojisikia vibaya, maana siku ile yeye hakuwahi kumaliza sentensi mbele yangu. Getini nilimkatiza. Meza kuu nilimkatiza. Nilimvalisha bila kumuuliza na nikakataa kumvua bila kumuuliza, na mara zote mbili nilikuwa na uhakika.

Nilipomaliza akaingia ndani akatoka na skafu, imefuliwa, imekunjwa. "Nilimpa Seche airudishe akakataa," akasema. "Hii ni ya klabu yenu."

Nikamwambia klabu haipo tena. Hakuwa na habari. Akakaa na ile skafu mapajani, akaitazama, akatikisa kichwa. "Kwa hiyo mimi nilikuwa nakuokoa wewe, wewe unaniokoa mimi, na klabu ikazama katikati yetu. Ah, mwanangu! Ungeniuliza tu."

Ungeniuliza tu. Alilisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana lilinichoma. Nikafuta uso, nikasogeza kigoda changu mbele, nikasema, "Baba, kweli. Hata jina lako mimi silijui. Unaitwa nani?"

Alicheka mpaka mama Seche akachungulia kutoka jikoni. "Leo ndiyo unaniuliza?" Akajiweka sawa, akaanza kwa jina la babu yake aliyempa jina, akaenda kwenye mwaka wa njaa alipozaliwa, akapita kwenye ng'ombe wa mahari ya mama yake, hadithi ndefu, jamani, ndefu hasa, chai ikapoa, na mara kadhaa nilidhani nimeshaelewa inakokwenda nikataka kumalizia mimi. Nikauma ulimi nikakaa, mpaka akafika kwenye jina.